Kutoka grini kadi hadi kombati: mwongozo kamili wa mafunzo ya jeshi Fort Leonard Wood

Vijana wetu wengi walioko Marekani, wawe wametoka Eldoret, Mwanza, Goma au Bujumbura, wanaufikiria mlango wa jeshi. Maandalizi yao huwa ni kukimbia alfajiri na kupiga pushapu, na hilo ni jema. Lakini wanaokwama, mara nyingi hawakwami kwa mbio. Wanakwamishwa na karatasi, mtihani wa Kiingereza na hesabu, na mkataba waliousaini bila kuusoma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla hujapanda basi. Ukishashuka kambini, nafasi ya kuchagua imekwisha.

Nimechagua kambi moja, Fort Leonard Wood ya Missouri, kwa sababu pale kuna mafunzo ya awali, yale ambayo Tanzania tunayaita depo, na vilevile kuna shule za fani ambazo wageni wenye grini kadi huangukia mara kwa mara. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina vituo vingine vya mafunzo ya awali: Fort Jackson kule South Carolina, Fort Sill kule Oklahoma na Fort Benning kule Georgia. Wewe huchagui kituo. Unachagua kazi, na kazi pamoja na nafasi zilizopo ndizo zinazoamua unapelekwa wapi.

Kambi yenyewe

Fort Leonard Wood iko kwenye vilima vya Ozark, kaunti ya Pulaski, kando ya barabara kuu ya I-44, kama saa mbili kwa gari kutoka St. Louis. Miji iliyo jirani ni St. Robert na Waynesville. Ujenzi ulianza Desemba 1940, Marekani ikijiandaa kwa vita, na kambi ikapewa jina la Jenerali Leonard Wood, daktari aliyegeuka askari hadi akawa mkuu wa majeshi ya nchi kavu kati ya 1910 na 1914. Baada ya vita ilifungwa, mwaka 1950 ikafunguliwa tena kwa ajili ya vita vya Korea. Kuta za mawe zilizojengwa na wafungwa wa kivita wa Kijerumani bado zinaonekana humo ndani.

Shule ya wahandisi wa kijeshi ilihamia pale kutoka Virginia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1999 zikafuata shule ya polisi wa kijeshi na shule ya kujikinga na silaha za kikemia, kibaolojia, kiradiolojia na kinyuklia, zote mbili kutoka Fort McClellan, Alabama. Madereva wa malori ya jeshi hufunzwa hapohapo. Utakutana pia na askari wa majini na wa anga, maana vikosi vyao navyo huleta watu kujifunza udereva na mitambo.

Kwanza: je, una haki ya kujiunga?

Nianze na walio Nairobi, Dar es Salaam au Lubumbashi. Jeshi la Marekani haliandikishi watu kwenye balozi zake, halichukui maombi kwa WhatsApp, wala halitozi hata shilingi moja. Anayekuomba pesa ili "akuunganishe" ni tapeli. Ulikuwepo mpango uitwao MAVNI uliochukua watu wenye viza za muda waliojua lugha fulani, Kiswahili kikiwemo, lakini ulisimama mwaka 2016. Wanaousimulia leo kana kwamba upo wanakupotezea muda.

Asiye raia anaingia akiwa na grini kadi, na awe anaishi Marekani. Aliyeshinda DV, bahati nasibu ya grini kadi, asubiri hadi kadi yenyewe iwe mkononi. Mkimbizi, na hapa nawafikiria sana ndugu zetu wa Kongo, huruhusiwa kuomba grini kadi baada ya mwaka mmoja nchini, na akishaipata yuko sawa na wengine. Viza ya masomo au ya kazi haitoshi.

Umri wa chini ni miaka 17 kwa ridhaa ya mzazi, au 18 kwa uamuzi wako. Ukomo wa juu umewahi kupandishwa na kushushwa, kwa hiyo muulize mwandikishaji kabla hujajikatia tamaa. Wanaume wa miaka 18 hadi 25, hata wasio raia, sheria inawataka wawe kwenye daftari la Selective Service, la wanaoweza kuitwa jeshini. Hakikisha jina lako limo.

Karatasi

Ningekuwa na dakika tano tu za kuzungumza na kijana, ningezitumia hapa.

Elimu kwanza. Cheti cha KCSE, cha kidato cha nne au cha sita, au Diplôme d'État ya Kongo, havisomeki moja kwa moja kwa Wamarekani. Vinapelekwa kwa wakala anayetambulika wa kutathmini vyeti vya nje, ambaye huandika kwamba vinalingana na nini kwa kipimo cha Marekani. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Mwenye shahada ya kwanza iliyothibitishwa huanza na cheo cha Specialist, yaani E-4, wakati asiye nayo kwa kawaida huanza E-1. Tofauti hiyo iko kwenye mshahara wa kila mwezi na haimalizwi na bidii ya kambini. Mwaka 2025, kuanzia Aprili, E-1 aliyepita miezi minne alilipwa dola 2,319 kwa mwezi kabla ya kodi, na E-4 alikuwa juu zaidi. Wapo wahitimu wa vyuo vikuu vyetu walioanza chini kabisa kwa sababu tu tathmini haikuwa tayari siku ya kusaini.

Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ukiwa na mke au mume, jeshi linakulipa posho ya nyumba, na familia inapata bima ya afya, lakini kwa nyaraka, si kwa maneno. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kifaransa kiwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Kama ndoa ilifungwa msikitini au kimila na haikusajiliwa serikalini, lishughulikie hilo sasa, sio ukiwa bwenini bila simu.

Majina. Kifuani kwenye kombati linashonwa jina moja tu, lile la mwisho. Kwetu majina matatu huzunguka: pasipoti inasema Juma Hamisi Ally, cheti cha shule kinasema Juma Ally Hamisi, grini kadi imemeza mojawapo. Mfumo wa jeshi utashika mpangilio wa nyaraka za uhamiaji, na kwa miaka yote ya utumishi utaitwa jina la babu yako ikiwa ndilo lililokaa mwisho. Hilo halina ubaya. Ubaya ni pale nyaraka zinapopishana na mshahara ukaganda kwa sababu benki inakufahamu kwa jina jingine. Linganisha grini kadi, kadi ya Social Security, leseni na akaunti ya benki, urekebishe palipopinda.

Mwisho, historia yako. Utajaza fomu ndefu ya usalama inayouliza ulikoishi, ulikosoma na ulikofanya kazi kwa miaka 10, ndugu walioko nje na safari zote. Tafuta daftari uandike mapema: mtaa, kata, wilaya, mwezi ulipohamia, jina la mtu anayeweza kuthibitisha. Ukaguzi wa mwenye grini kadi unaweza kuchukua muda mrefu kuliko wa raia. Usidanganye hata kwa jambo dogo kama siku mbili za mahabusu, kwa maana uongo kwenye fomu ile una uzito kuliko kosa lenyewe.

Mtihani wa ASVAB

Huu ni mtihani wa kuingilia. Sehemu nne kati ya zote ndizo zinazofanya alama kuu iitwayo AFQT: msamiati, kuelewa kifungu, hesabu za mafumbo na hisabati ya shule. Alama ya chini ni 31. Si asilimia ya majibu sahihi. Inaonyesha umewapita watahiniwa wangapi katika mia.

Vijana waliosomea kwetu kwa kawaida wako vizuri kwenye hisabati na wanapoteza kwenye msamiati, halafu kwenye mafumbo wanaangushwa na vipimo. Swali linazungumza futi, inchi, galoni na pauni. Kariri kabisa: futi moja ni inchi 12, maili moja ni futi 5,280, galoni moja ni kwati nne, pauni moja ni aunsi 16. Fanya mazoezi ya kukokotoa kwa mkono huku saa inatembea. Kwa msamiati, soma gazeti la Kiingereza kila siku na uandike maneno mapya kumi, usiishie kutazama video.

Usiridhike na 31. Kuna alama nyingine za fani zinazotokana na mtihani huohuo, nazo ndizo zinazofungua orodha ya kazi. Ukifeli unarudia baada ya mwezi mmoja, kisha mwezi mwingine, na baada ya hapo ni miezi sita kwa kila jaribio. Tangu Agosti 2022 kuna pia kozi ya matayarisho, iliyoanzia Fort Jackson, kwa waliokaribia alama au waliozidi mafuta ya mwili kidogo. Hukaa huko hadi siku 90 wakisomeshwa na kufanyishwa mazoezi, kisha huendelea na mafunzo ya awali. Kama Kiingereza ndicho kikwazo chako, iulizie bila aibu.

Kituo cha MEPS

MEPS ni kituo cha ukaguzi: afya, alama za vidole, uchaguzi wa kazi, kiapo. Unaamshwa usiku wa manane, unapimwa macho, masikio, damu, mkojo, na kutembezwa umechuchumaa ili waone magoti. HIV na dawa za kulevya hupimwa.

Mambo matatu yanatuhusu sisi hasa. Chanjo ya BCG, ile iliyotuachia kovu mkononi, inaweza kukifanya kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kionyeshe chanya. Usishtuke, sema ulichanjwa, na ukipewa dawa za miezi kadhaa uzimalize. La pili ni selimundu (sickle cell). Mwenye ugonjwa wenyewe hachukuliwi, lakini mwenye kinasaba kimoja tu huchukuliwa, na ni muhimu ujijue, kwa sababu mazoezi makali kwenye joto huweza kumdhuru mtu wa namna hiyo asipokunywa maji na kupumzika. La tatu ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya cha chembe nyekundu za damu, ambao nao hupimwa. Huku kwetu kwenye malaria uko kwa wingi, na aliye nao hatakiwi kumeza dawa fulani za malaria. Uliza majibu yako, uyaandike, uyakumbuke.

Kazi na mkataba

Hapa ndipo usipopaswa kuharakishwa. Kila kazi ina namba yake, inaitwa MOS. Kazi yoyote inayodai kibali cha siri imefungwa kwa asiye raia, na kazi za ujasusi, nyingi za mawasiliano na hata ile ya kemikali pale Fort Leonard Wood, 74D, ziko humo. Uofisa nao unadai uraia. Vyote hivyo unaweza kuvirudia baadaye ukishakuwa raia.

Zinazobaki si haba. 88M ni udereva wa malori. 12B ni mhandisi wa medani: kutegua na kutega milipuko, kufungua njia, kujenga vizuizi. 12N ni mwendesha mitambo mizito, buldoza na greda. Hizo tatu hufundishwa Fort Leonard Wood. Maoni yangu ni kwamba anayefikiria maisha ya baada ya jeshi aangalie 88M na 12N kwa makini, kwa kuwa ujuzi wake unauzika mtaani siku ya pili baada ya kuvua kombati. 12B ni kazi ya heshima kubwa, lakini ni kazi ya mstari wa mbele, na nyumbani waambie hivyo waziwazi.

Kwenye mkataba, soma hivi:

- Miaka. Hata ukisaini miaka minne ya kazi, wajibu wako wote ni miaka minane. Inayobaki uko kwenye akiba na unaweza kuitwa.
- MOS yako iandikwe kwa namba. Ahadi isiyo kwenye karatasi haipo, hata aliyeitoa awe mtu mwema namna gani.
- Bonasi, kama ipo, kiasi chake na lini inalipwa.
- Cheo cha kuanzia.

Ukila kiapo cha kwanza unakuwa kwenye orodha ya kusubiri safari. Kabla ya siku ya kusafiri bado unaweza kuandika barua ya kuomba kuondolewa. Atakayekutisha kwamba utakamatwa hasemi kweli. Kiapo cha siku ya safari ndicho kinachokufunga.

Mwili

Kuanzia Juni 2025 kipimo cha jeshi ni AFT, chenye mazoezi matano: kunyanyua chuma kutoka ardhini mara tatu kwa uzito wa juu unaouweza, pushapu ambazo kila moja unagusa chini na kuinua viganja, mita 250 za mbio mseto, ndani yake ukiburuta kigari cha uzito na kubeba vyuma viwili, kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, na mbio za maili mbili, yaani kilomita 3.2. Kwa kiwango cha kawaida, kila zoezi linahitaji alama 60 na jumla 300.

Watu wetu wengi wepesi wa mbio hushangazwa na kunyanyua na kuburuta. Anza na hayo. Beba begi lenye uzito mara moja kwa wiki, ukiongeza kidogokidogo. Majeraha yanayorudisha watu nyuma zaidi ni nyufa ndogo za mifupa ya muundi na nyonga, nayo huwapata waliokuja wakiwa hawajazoea kutembea na mzigo, wanawake zaidi ya wanaume.

Safari na siku za mapokezi

Wengi huruka hadi uwanja wa Lambert, St. Louis, ambako kuna chumba cha USO cha kupumzikia askari, kisha basi. Beba kidogo: nguo za kubadili, vitu vya kuogea, kufuli, fedha taslimu kidogo, na bahasha ya nyaraka zote halisi pamoja na namba za akaunti ya benki. Usibebe dawa za mitishamba, viungo vya chakula wala mafuta ya nywele ya chupa kubwa. Kuna chumba unachoingia peke yako kuacha kisichoruhusiwa bila kuulizwa. Kitumie.

Mapokezi yako chini ya kikosi cha 43rd AG. Ni siku kadhaa za foleni: kunyolewa wanaume, kombati, viatu, kitambulisho, chanjo, na sindano ya penisilini ya makalioni inayokaa na maumivu. Kama una mzio wa penisilini, sema kabla. Utajaza pia bima ya maisha ya hadi dola 500,000. Mrithi unayemwandika ndiye atakayelipwa, hata akiwa Kisumu au Bukavu, kwa hiyo andika majina yake kama yalivyo kwenye kitambulisho chake.

Wanawake: nywele zilizosukwa zinaruhusiwa zikiwa nadhifu na kofia inakaa. Twende kilioni za mistari midogo, rangi ya asili, bila shanga, zinakuondolea kazi kwa wiki kadhaa. Suka siku mbili kabla ya kusafiri, maana huko muda wa kusuka haupo.

Waislamu: taja dini yako wakati wa kuandikishwa na tena hapa mapokezi, iandikwe kwenye kidani cha chuma cha shingoni. Chakula cha pakiti cha halali kipo na ibada zipo kupitia ofisi ya kasisi wa jeshi, lakini havimfuati asiyeomba.

Wiki kumi

Mafunzo ya awali ni wiki 10. Wahandisi wa medani na polisi wa kijeshi huunganisha depo na fani katika kombania moja: wahandisi takriban wiki 14, polisi takriban 20.

Sajenti mkufunzi, mwenye kofia pana, atakupigia kelele kwa ukaribu wa uso. Sisi tumelelewa kumwinamia mkubwa macho na kujibu taratibu. Pale kuangalia chini kunasomeka kama kutojiamini au kuficha jambo. Tazama mbele, jibu kwa sauti kubwa, "Yes, Drill Sergeant", ukamilishe. Usieleze sababu mpaka uulizwe. Kama hukuelewa agizo, sema hukuelewa. Kuitikia usichokielewa, tabia tuliyo nayo wengi kwa adabu, huko kunaweza kumuumiza mwenzako.

Kariri kabla ya kwenda: vyeo vyote, saa za kijeshi, alfabeti ya redioni, amri kuu tatu za lindo, maadili saba na tamko la askari liitwalo Soldier's Creed. Visome kwa sauti, mbele ya mtu. Aliyevikariri ana nafasi kichwani ya kujifunza mengine wakati wenzake wanahangaika.

Hutembei peke yako. Kila mmoja ana mwenzi, na usiku kuna zamu ya lindo la bweni. Ukiumwa, kuna zahanati ya asubuhi. Nenda mapema. Anayeficha mguu kwa wiki mbili huishia kurudishwa kundi la nyuma, na anayeripoti siku ya pili mara nyingi hupona akiendelea.

Chumba cha gesi hutisha kuliko kilivyo. Unafundishwa kwanza kuvaa barakoa ndani ya sekunde 9: unazuia pumzi, unafumba macho, unaivaa, unapuliza nje kusafisha, unaziba na kuvuta kuona kama imeshika. Ndani unaivua, gesi ya machozi inawasha macho, pua na ngozi yenye jasho. Ukitoka, nyoosha mikono, tembea ukikabili upepo, usijisugue. Dakika chache baadaye imepita, na kuanzia hapo unaiamini barakoa yako.

Bunduki ni sehemu inayostahili muda. Hukabidhiwi kwenda kupiga tu. Unaifungua na kuifunga hadi mikono ijue yenyewe, unalala nayo porini, na kuiacha pembeni hata kwa dakika ni kosa kubwa. Shabaha huanza mita 25 kwa kurekebisha vionea: unapiga risasi tano, unaangalia zimekusanyika wapi, unazungusha kionea, unarudia. Watu wanakimbilia kuzungusha kionea wakati tatizo ni mkao. Tulia kwanza, shavu likae pale pale kila mara, toa pumzi nusu, bana kifyatulio bila kukivuta kwa ghafla. Risasi zikikusanyika pamoja, hata kama ni pembeni, umeshashinda nusu ya kazi. Mtihani ni shabaha 40 zinazoinuka kati ya mita 50 na 300, kumi kwa kila mkao wa mikao minne. Kufaulu ni 23, na 36 kwenda juu ni daraja la juu kabisa. Aliyewahi kushika bunduki kijijini asijidai. Mara nyingi ambaye hajawahi kabisa hujifunza haraka kwa sababu hana cha kufuta.

Kati ya hayo kuna mabomu ya kutupa kwa mkono, dira na ramani, kufunga mshipi wa kuzuia damu, na kushuka mnara kwa kamba. Hali ya hewa ya Missouri ni kali pande zote mbili: kiangazi chenye unyevu kama Mombasa, na baridi ya Januari yenye barafu. Porini kuna kupe. Jikague kila jioni, nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Zoezi la mwisho, The Forge, ni siku nne porini: kutembea usiku, usingizi kidogo, chakula cha pakiti. Anayelitoka anatambuliwa kuwa askari.

Uraia

Sheria ya uhamiaji, kifungu cha 329, inamruhusu anayetumikia kwa heshima kipindi cha uhasama, na kipindi hicho kimehesabiwa tangu Septemba 11, 2001, kuomba uraia bila kusubiri miaka mitano. Fomu ni N-400, haina ada kwa askari, na inaambatana na N-426 ambayo jeshi husaini kuthibitisha utumishi. Ijaze nyumbani kabla ya kwenda, uichape, uibebe, na umwambie sajenti wako wiki ya kwanza kwamba unaomba uraia. Wapo wanaoapishwa kabla ya kuhitimu, wengine humalizia kituo cha kwanza cha kazi. Jua pia kwamba uraia huu unaweza kufutwa ukifukuzwa kwa sababu zisizo za heshima kabla ya kutimiza miaka mitano ya utumishi.

Na pande za nyumbani: Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Rwanda na Burundi zinaruhusu. Tanzania na Kongo haziruhusu, na Mtanzania anayeapa huko anaupoteza wa kwao. Kwa mwenye shamba au urithi nyumbani hili ni jambo la kuongea na wazazi na mwanasheria kabla, kwa utulivu.

Familia siku ya kuhitimu

Barua zinaruhusiwa na zinapendwa. Vifurushi vya chakula havifiki mkononi. Simu hupatikana kwa dakika chache, kwa kawaida Jumapili, na wiki za mwanzo pengine hakuna, kwa hiyo mama asilie akidhani umepotea. Mwambie kabla.

Wanaokuja kuhitimu wapitie kituo cha wageni getini wakiwa na kitambulisho halali, nao hukaguliwa majina. Mgeni asiye raia, hasa mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi, kombania iarifiwe mapema na nakala ya pasipoti yake. Nyumba za wageni za St. Robert hujaa, wekeni nafasi tarehe ikijulikana. Kukiwa na saa za ziada, jumba la makumbusho la Mahaffey ndani ya kambi linaonyesha majengo ya mbao ya miaka ya 1940 na historia ya wahandisi.

Fani, na leseni ya lori

Baada ya gwaride hakuna likizo kwa kawaida. Unahamia shule ya fani, wakati mwingine ni kuvuka barabara tu. Kwa 88M ni takriban wiki saba: ukaguzi wa gari kabla ya kuwasha, kurudi nyuma na tela, msafara wa usiku, matope. Wahandisi wanaotaka kwenda mbali zaidi wana kozi ya Sapper ya siku 28 hapohapo, baada ya kupata uzoefu.

Udereva wa jeshi unatambuliwa na majimbo kupitia utaratibu unaokusamehe mtihani wa barabarani wa leseni ya kibiashara, CDL, ukiwa umeendesha magari makubwa ya jeshi kwa angalau miaka miwili. Ombi lifanyike ukiwa bado kazini au ndani ya muda mfupi baada ya kutoka, na kamanda wako ndiye anayesaini kuthibitisha. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kikosini hakikisha kila gari uliloendesha, na maili zake, limeingizwa kwenye kadi yako ya udereva, na ubaki na nakala.